Anaingiaka Saa Gani?

Mtu akianza kujenga kikosi cha Pokémon huanza na wapigaji. Anaokota sita anaowapenda, kila mmoja anampa mapigo manne makali kuliko yote, halafu anashangaa akichapwa na mtu ambaye kikosi chake kinaonekana cha wazee waliostaafu. Vikosi vya namna hiyo nimeviona vingi hapa Bunia, na vingi nimeviona vikifa kabla hata ya kucheza, kwa kuulizwa swali moja tu. Swali lilikuwa la Yaya, dada mwenye kibanda cha fotokopi na kuchaji simu, hatua chache kutoka Boulevard de la Libération. Ukimpelekea karatasi ya kikosi chako hakuuliza kama kinapiga. Aliweka ncha ya biki juu ya jina la kwanza na kusema: “Huyu anaingiaka saa gani?”

Kwa asiyeujua mchezo: wachezaji ni wawili, kila mmoja ana viumbe sita, na uwanjani anakaa mmoja kwa mmoja. Kila zamu una njia mbili, kupiga, au kumtoa aliyeko na kumwingiza mwingine. Mnaamua kwa siri, kisha maamuzi yanafunguliwa pamoja. Ukibadilisha, anayeingia ndiye anayepokea pigo lililokuwa limeelekezwa kwa mwenzake. Aina ziko 18, Moto, Maji, Majani, Umeme, Ardhi, Chuma na nyinginezo, na kila aina ina inayoiogopa, inayoivumilia, na wakati mwingine isiyoisikia kabisa. Sasa chukua kiumbe mwenye nguvu za kubomoa ukuta. Kama kila akiingia anaacha nusu ya uhai mlangoni, nguvu zake atazitumia mara moja, au asizitumie kabisa. Jambo hili halionekani ukisoma sifa zake. Linaonekana ukiulizwa na Yaya.

Mchezo ulitufikia kwa njia za panya. Katuni tuliiona kwenye diski, kwa Kifaransa, ndiyo maana mpaka leo wengine wetu humwita Charizard Dracaufeu, na Garchomp ni Carchacrok. Michezo yenyewe, ile ya Game Boy Advance ya mwaka 2004, ilipita simu hadi simu kwa Bluetooth. Mashine halisi ya Nintendo sikuwahi kumwona nayo mtu yeyote katika kundi letu. Kilichotuokoa ni Pokémon Showdown, uwanja ulioanzishwa mwaka 2011 na Guangcong Luo, ambaye wachezaji humjua kama Zarel. Unafunguka ndani ya kivinjari cha simu, bure, na kikosi unakiandika kwa dakika chache badala ya kuwalea viumbe hao kwa wiki. Ukizima mijongeo na kuchagua picha ndogo za zamani, mega chache zinakupeleka jioni nzima. Katika mji ambao watu hununua mega kidogo kidogo, hilo si jambo dogo.

Yaya alikuwa amesoma math-fizike sekondari, na nadhani hakuwahi kuwasamehe watu wanaocheza bila kuhesabu. Kila mwezi Smogon, jumuiya iliyoanza mwaka 2004 na ambayo kanuni zake ndizo zinazotumika zaidi Showdown, hutoa takwimu za matumizi: nani anatumiwa kwa wingi, anashika kifaa gani, anafuatana na nani. Yeye alizichapisha nyuma ya karatasi zilizoharibika na kuzibandika karibu na bei za fotokopi. Mteja aliyekuja kutoa nakala ya attestation yake ya kuzaliwa alikuta orodha ndefu ya majina asiyoyaelewa, akadhani ni matokeo ya mtihani.

Kikosi alichotufundishia, enzi za kizazi cha saba cha mchezo, kilikuwa cha watu hawa: Rotom wa mashine ya kufulia, Heatran, Ferrothorn, Garchomp, Clefable na Excadrill. Mjuzi atasema ni kikosi cha kawaida mno. Ni kweli, na Yaya alikichagua kwa sababu hiyo hiyo, maana milango yake inaonekana waziwazi. Ferrothorn ni Majani na Chuma, akiona Moto anaungua mara nne. Lakini Moto huo huo ndio mlango wa Heatran. Ana kipaji cha kuumeza, hapungui chochote, na mapigo yake mwenyewe ya Moto yanaongezeka nguvu kwa nusu. Heatran naye anaogopa Ardhi mara nne. Tetemeko la Ardhi ndilo mlango wa Rotom, kwa sababu Rotom anaelea, ardhi haimgusi. Rotom, ambaye ni Umeme na Maji, anaogopa kitu kimoja tu, Majani, na Majani yanamkuta Ferrothorn akiwa amekaa pale na miiba yake, akipokea robo ya pigo. Duara limefunga. Watatu hao wanaweza kupokezana kwa muda mrefu huku adui akijichosha.

Halafu wanakuja wengine watatu, na hapo Yaya alianza kubana. Garchomp anaingia kwenye Umeme, ambao haumpati, na kwenye Moto. Clefable ni wa aina ya Fee, na kwake mapigo ya Joka hupotea kabisa. Excadrill anaingia kwenye Sumu, Umeme na Mwamba. “Bon,” alisema, “na ngumi?” Tukahesabu. Ferrothorn anaogopa mapigo ya Ngumi, Heatran anaogopa, Excadrill anaogopa. Mwenye kuzivumilia ni mmoja tu, Clefable. Na Ardhi je? Asiyeguswa ni mmoja tu, Rotom. Maana yake adui mwenye akili hatahangaika na sita. Atamsaka Rotom, atamsaka Clefable, na wakishaanguka hao nyumba ni yake. Dawa yake ilikuwa ndogo, nasi tuliidharau mwanzoni. Alimnyang'anya Heatran kifaa cha kujiponya akampa puto. Puto linamwinua juu ya ardhi mpaka apigwe pigo la kwanza, basi. Mlango mmoja wa ziada kwa mchezo mzima, lakini adui hawezi tena kurusha Tetemeko kwa kubahatisha, ni lazima kwanza atafute la kulitobolea puto.

Kuingia kuna ushuru pia. Lipo pigo linalotega mawe makali upande wa adui, na yakishategwa kila anayeingia anajikata. Aliyeendesha pikipiki kwenda Komanda anazijua barieri: hupiti bila kutoa kitu, na ukirudi unatoa tena. Mawe yako hivyo, ila bei inafuata aina yako. Wa kawaida hulipa asilimia 12.5 ya uhai wake. Garchomp, kwa sababu ya Ardhi, hulipa nusu ya hiyo. Excadrill, Ardhi na Chuma, anapita kwa asilimia 3 hivi. Clefable mwenye kipaji chake cha kinga halipi hata kidogo. Na Charizard, Moto na Kuruka, analipa 50.

Hesabu hiyo ilimaliza urafiki wa miaka kati ya kijana mmoja wa Nyakasanza na Dracaufeu wake. Alikuwa na fulana yake, alikuwa amemchora kwenye mfuniko wa kaye la shule. Yaya hakumkataza. Alimwambia tu amwingize, amtoe, amwingize tena, kisha amwambie amebaki na uhai kiasi gani. Kijana akabaki anatazama skrini. Wengi wangeishia hapo na kusema usijenge kikosi kwa mapenzi. Yaya hakusema hivyo, na mimi sikubaliani na wanaosema hivyo. Alimwambia: ukimtaka Dracaufeu, basi Excadrill anakuwa wa lazima, kwa sababu kazi yake ya pili ni kuzunguka na kufagia mawe, na anayemzuia Excadrill asizunguke lazima awe na mtu wa kumshughulikia, na hivyo nafasi tatu kati ya sita zinamhudumia mmoja. Unaweza kumlipia. Hakikisha tu unajua bei.

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, na ilirudi karibu na tarehe 20 Januari 2019. Kibanda kilibaki na fotokopi tu, na wateja wachache. Ndipo tulipoanza kucheza kwenye karatasi. Kila mchezaji aliandika kikosi chake kwenye kaye, akaandika uamuzi wa zamu kwenye kikaratasi, akakikunja na kumpa Yaya. Yeye alivikunjua vyote viwili pamoja na kutangaza. Kwa mapigo yasiyo ya uhakika, kama Bomba la Maji la Rotom linalopata mara nne kwa tano, aliweka vikaratasi vitano kwenye kopo tupu la maziwa, kimoja kimeandikwa sifuri. Unachota mwenyewe. Madhara alihesabu kwa kikokotoo cha simu: kwa kiumbe wa ngazi ya 100 unachukua 42, unazidisha kwa nguvu ya pigo na kwa shambulio la anayepiga, unagawanya kwa ulinzi wa anayepigwa, kisha kwa 50, unaongeza 2. Halafu moja na nusu kama pigo ni la aina yake mwenyewe, halafu udhaifu wa aina, halafu bahati kidogo, kati ya asilimia 85 na 100.

Mchezo mmoja ulimaliza mchana. Lakini ule upole ulitufungua macho. Kwenye simu, namba za uhai zinateremka haraka na wewe tayari unawaza zamu inayofuata. Kwenye karatasi unakaa unangoja Yaya amalize kugawanya, na unaona hasa uhai wako ulikotokea kupotea. Yeye aliuandika katika safu mbili, uliopotea mtu akiwa anapigana na uliopotea mtu akiwa anaingia. Kwa aliyeshindwa, safu ya pili ilikuwa ndefu karibu kila mara. Watu walidhani wameshindwa kwa sababu adui alipiga sana. Karatasi ilionyesha kwamba waliingiza watu ovyo, wakalipa mawe, wakapokea pigo lisilo lao, wakatoka tena bila kufanya lolote.

Na ndiyo safu iliyotufundisha thamani ya namba ndogo. Kila Pokémon anapewa pointi 510 za mazoezi za kugawa, lakini katika ngazi ya 100 kila pointi 4 ndizo zinazoongeza 1, kwa hiyo zinazofaa ni 508. Kipande kimoja hakizidi 252. Anayeanza huweka 252 kwenye shambulio, 252 kwenye kasi, 4 popote, anaendelea. Kwa Garchomp hilo ni sawa. Kasi yake ya asili ni 102, na akijazwa kikamilifu pamoja na tabia inayomwongezea kasi anafika 333. Wako viumbe wengi wenye kasi ya asili ya 100 kamili, nao wakijazwa vivyo hivyo wanaishia 328. Pointi 5. Hizo ndizo zinazomfanya Garchomp apige kwanza, amwangushe mwenzake, asipokee kitu. Ukimpunguzia kasi ili umwongezee uhai, umemgeuza kuwa kiumbe anayepigwa kwanza na kila mtu wa 100. Lakini Rotom kasi ya namna hiyo haimsaidii, kwa sababu kazi yake ni kuja nyuma. Analo pigo la Umeme ambalo akishalipiga anatoka mwenyewe na kumwachia mwenzake nafasi. Akiwa mzito kuliko adui, adui anapiga kwanza, Rotom anavumilia, kisha anapiga na kutoka, na mwenzake anaingia bila kuguswa. Uzito wake ni mlango kwa mwingine. Adui anayejua hilo humleta mtu wa Ardhi, ambaye Umeme haumpati, na Rotom anabaki amekwama palepale. Ndiyo sababu analibeba Bomba la Maji, hata kama ile karatasi yenye sifuri imo kwenye kopo.

Mlango mwingine wa bure nilichelewa kuupenda, kwa sababu una ukatili wake. Kiumbe wako akianguka, anayefuata anaingia bila kupigwa. Mchezaji mbovu anahangaika kumwokoa kila mmoja, anabadilisha na kubadilisha, na kila badiliko linamlipisha. Mchezaji mzuri anajua mapema ni nani ameshamaliza kazi, na anamwacha pale. Kwenye karatasi Yaya alitulazimisha tuandike, kabla ya zamu ya kwanza, tukiangalia sita wa adui, yupi kati ya wetu hatuna budi kumfikisha mwisho. Kwa kawaida ni mmoja, mara chache wawili. Waliobaki wote ni wa kutumika.

Intaneti iliporudi tulikuwa wachezaji wengine, ingawa Bunia ilikuwa ile ile. Showdown mtu mpya huanza na alama 1000, na watu wengi wa kibanda walikuwa wameizoea hiyo 1000 kama anwani yao. Tukaanza kupanda. Hapa nataka kusema jambo ambalo sijaona likisemwa na mabingwa wa mbali. Vipo vikosi vya ukuta vinavyoshinda kwa kuchosha, michezo ya zamu mia na zaidi, na kwa hesabu ni vikosi vizuri sana. Kwetu vilikuwa havifai. Zamu mia ni betri, ni mega, na ni rezo inayoweza kukatika wakati saa ya mchezo inaendelea kuhesabu, na saa ikiisha umeshindwa, hata kama uwanjani ulikuwa unaongoza. Kwa hiyo tulichukua duara la watatu, lile la kuvumilia, tukaliunganisha na Garchomp wa kufunga kazi. Yaya pia aliyafukuza mapigo ya bahati popote palipowezekana. Lipo la Mwamba linalopata mara nane kwa kumi. Tetemeko linapata kila mara, na nguvu zake ni zile zile. Mwenye kucheza mia kwa siku atapata wastani wake. Mwenye mega za michezo mitatu hana wastani, ana hiyo mitatu tu.

Wanaopenda kusema kwamba mpendwa wako anaweza kukupa ubingwa humtaja Pachirisu, kichakuro mdogo mweupe na buluu wa Umeme. Agosti 2014, huko Washington, Mkorea Se Jun Park alikuwa bingwa wa dunia akiwa na huyo Pachirisu, akimshinda Jeudy Azzarelli fainali. Video yake ilizunguka kibandani hadi ikachoka. Watu waliona mnyama mdogo anayependeza akistahimili Kimondo cha Joka cha Hydreigon na kubaki amesimama, wakaona muujiza. Tazama tena kwa jicho la mlango. Ile ni michezo ya wawili kwa wawili, ambapo mapigo mengi hulenga mmoja wa wapinzani. Pachirisu ana pigo la kuvuta mashambulizi yote yaje kwake, na ana kipaji cha kumeza Umeme na kujiponya nao. Pembeni yake anasimama Gyarados, Maji na Kuruka, ambaye Umeme humpiga mara nne. Umeme uliokusudiwa Gyarados unaishia kuwa chakula cha Pachirisu. Juu ya hapo anakata nusu ya uhai uliobaki wa adui kwa meno, na kupoozesha kwa shavu. Hapo mapenzi hayahusiki. Ni nafasi iliyopimwa, ikapatikana haina mtu anayeiweza kuliko yule ambaye wote walimcheka.

Kizazi cha tisa kilipokuja, Novemba 2022, sehemu kubwa ya tuliyoyajenga ilivurugika. Ferrothorn hakuletwa kabisa. Na likaja jambo la kioo: mara moja katika mchezo, kiumbe anaweza kugeuza aina yake palepale uwanjani. Unamwingiza mtu wako wa Maji mbele ya Moto kwa amani, kumbe Moto amegeuka Majani, na mlango umekuangukia. Wapo waliosema hesabu ya milango imekufa. Yaya, ambaye siku hizi ana meza mbili na mashine mpya ya kuchapisha, anasema imekuwa ghali tu: adui anageuza mara moja, basi mfanye ageuze mapema, kwa kumwonyesha kitu kinachomtisha kuliko kilivyo.

Tunachogombania sasa ni Kingambit. Ni Giza na Chuma, na nguvu zake huongezeka kwa asilimia 10 kwa kila mwenzake aliyeanguka, hadi 50. Mimi namwona kama ndiye jibu la kila kitu tulichojifunza kuhusu waliomaliza kazi. Yaya anasema ngumi humpiga mara nne, na Great Tusk, anayetumiwa na kila mtu, amejaa ngumi. Nikasema nitamweka Gholdengo, Chuma na Mzimu, ngumi hazimgusi. “Na ardhi?” Wote wawili wanaogopa ardhi. “Na moto?” Wote wawili wanaogopa moto pia. Nikakaa kimya kidogo, kisha nikataja Rotom, yule yule wa mashine ya kufulia, ambaye anaelea na moto anauvumilia, na takwimu za mwezi zinamweka chini kiasi kwamba hakubandikwa hata ukutani. Hakukataa. Aliuliza tu kama Great Tusk akimpokonya kifaa chake zamu ya kwanza, ataishi kwa nini, na mteja akaingia kutaka fotokopi za pande mbili.